Uzito wa Bujiku

Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni, mwaka 2025, saa kumi na mbili na nusu jioni, Canter moja ilisimama mbele ya gereji ya Athanasi pale Somanda, Bariadi. Tangu saa hiyo nyumba yake haikuwa nyumba tena.

Mwenyewe hakujua. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga, akiwaza kwamba kesho ni zamu yake ya kusoma somo la kwanza kanisani na miwani yake imevunjika mguu mmoja. Mkewe, Felisita, alikuwa uani anapepeta mchele. Jua lilikuwa linazama. Malori ya pamba yalikuwa yamepita na vumbi lao halijatua bado.

Nyuma ya Canter ilikuwa imefungwa pikipiki kubwa. Haikuwa pikipiki ya kubebea abiria. Ilikuwa ile ya safari ndefu, mtumba wa ng'ambo, yenye kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni, na kiti kipana kama cha basi. Mwanamke aliyevaa nguo nyeusi alishuka kando ya dereva, akainama kidogo, akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayo. Karibu."

"Naitwa Martha, natoka Nassa. Hii ilikuwa ya marehemu mume wangu, Bujiku. Inazama mbele."

"Inazama ukishika breki, au hata imesimama?"

"Hata imesimama."

"Basi ni shokapu. Springi zimechoka, au sili zinazozuia oili zimekufa. Inavuja?"

Mwanamke alitazama barabarani. "Imeanza kuvuja," alisema. "Ndiyo maana nimekuja leo. Fungua zote mbili za mbele, mwaga oili yote, weka mpya. Ile ya zamani usinirudishie."

Athanasi alicheka. "Mama, miaka yote hii sijamwona mteja anayedai oili chafu."

"Nimesema tu, baba. Usinirudishie hata tone."

Aliyasema hayo akiwa amesimama mbali. Hakuigusa ile pikipiki, wala hakuitazama. Kazi ya kuishusha aliifanya Athanasi na dereva, wakisaidiwa na Maige, kijana jirani anayeendesha bodaboda, ambaye mkewe Nancy alikuwa amejifungua mwezi uleule. Walikunja migongo, wakahema, na mbele ya pikipiki ikagonga chini kama gunia.

"Kaka, hili dude limekula ugali wa kwa nani?" Maige aliuliza, akijishika kiuno.

"Wa kwako halijala," Felisita alimjibu kutoka uani. "Kwako wanakula wageni na mtoto, mwenye nyumba unapewa ukoko."

Wote wakacheka. Martha peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Felisita, namna mtu anavyotazama nyumba anayofikiria kupanga.

*

Jumatatu asubuhi Athanasi alianza kazi. Alikuwa na utaratibu wake wa kupima shokapu. Aliinua mbele ya pikipiki, akakata pete nyembamba ya mpira wa tyubu, akaivisha kwenye bomba linalong'aa la shokapu, akaishusha hadi ikagusa sili. Kisha akaiteremsha pikipiki ikasimama kwa magurudumu yake. Shokapu inapobonyea, ile pete husukumwa juu. Ukiinua tena pikipiki, pete hubaki ilikosukumwa, nawe unasoma pikipiki imezama kiasi gani. Unapima kwanza ikiwa tupu. Halafu unamkalisha mtu.

Mtu wake wa kumkalisha alikuwa Felisita siku zote. Alikuwa na mwili wa kutosha, na alipenda. Alikuwa amekalia pikipiki za nusu ya Bariadi bila kusafiri hata hatua moja.

Athanasi alipima pikipiki ikiwa tupu. Pete ilitakiwa ipande upana wa vidole viwili. Ilipanda kiganja kizima.

Alirudia. Kiganja kizima.

"Mama Lucy, njoo ukae."

Felisita alikuja akijifuta mikono kwenye kanga, akapanda, akashika usukani, akaunguruma kwa mdomo kama mtoto. Mbele ikazama karibu ifike mwisho.

"Usinitazame hivyo, Baba Lucy. Si mimi, ni springi zako."

"Kabla hujakaa ilikuwa imeshazama. Kama vile kuna mtu juu."

"Basi kuna aliyeniwahi kiti." Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Kiti kina joto."

"Jua."

"Jua gani? Tuko kivulini."

Akashuka haraka kuliko alivyopanda.

Athanasi aliweka gogo chini ya injini, akatoa gurudumu, akafungua kizibo cha juu cha shokapu ya kushoto. Kawaida springi husukuma kizibo, na fundi asiyejua hupigwa nacho usoni. Hiki hakikusukumwa. Kilitoka polepole, na ndani ya bomba ikasikika pumzi.

Haaa…

Ni upepo tu, alijiambia. Shokapu hukaa na upepo.

Harufu ikafuata. Samli iliyochacha, na chini yake ngozi mbichi iliyolowa mvua. Alipoliinamisha bomba, oili ilitoka nzito, ya rangi ya udongo, ikafunika kitako cha debe. Ilikuwa ya moto. Pikipiki ilikuwa haijawashwa tangu Jumamosi, lakini oili ilikuwa na joto kama mkojo.

Akafungua na shokapu ya kulia vilevile, kisha akazichomoa springi. Hazikuwa zimechoka. Zilikuwa nzima, ngumu, za urefu wake kamili. Springi zile zingeweza kubeba watu wawili na mizigo yao bila kuzama. Ila kila moja ilikuwa imezungushiwa uzi mweusi kutoka juu hadi chini, fundo juu ya fundo.

Athanasi alikuwa mwenyekiti wa jumuiya kanisani. Alikuwa ametoa hirizi shingoni mwa watoto wa ndugu zake mwenyewe, na kuzitupa chooni mbele ya mama zao. Alifanya ishara ya msalaba, akaukata uzi kwa kisu, akautupa kwenye moto wa jikoni. "Ushirikina tu," alisema. Akaweka sili mpya, akajaza oili safi, akafunga.

Alipoinua kichwa, debe halikuwepo.

Felisita alikuwa mlangoni mwa chumba chao cha kulala, brashi mkononi, anapaka miimo ya mlango ile oili. Ndivyo alivyofanya siku zote. Mchwa wa Somanda hawana adabu. Wanakula mbao kutoka ndani, nje unaziona nzima, siku ukiegemea unaanguka nazo. Oili chafu ndiyo dawa ya watu wote, haina gharama. Alikuwa amemaliza upande mmoja na anapaka wa pili, anaimba wimbo wa kwaya yao, vidole vyake vimelowa.

Athanasi alifungua mdomo amwambie aache.

Lakini angesema aache kwa nini? Kwa sababu ya uzi? Kumwambia aache kungekuwa kukiri kwamba uzi ule ni kitu. Alifunga mdomo, akarudi kwenye kazi yake.

Aliteremsha pikipiki, akasoma pete. Vidole viwili, sawasawa. Mbele ilikuwa imesimama juu, nyepesi, kama ng'ombe aliyefunguliwa nira.

*

Jioni ileile, wakati wa kuwasha taa, walikuwa wamekaa kitandani wanavua viatu, Athanasi upande wake, Felisita upande wake. Kitanda kikalia katikati yao.

Kiii…

Godoro likabonyea taratibu, pale ambapo hakuna mtu. Likatulia.

"Umesogea?" Felisita alinong'ona.

"Sijasogea."

Wakalitazama lile bonde. Lilikuwa pana. Athanasi alichukua rozari, na kwa sauti ya kawaida, kama mtu asiyeona kitu, akaanza sala za jioni. Felisita alimfuata. Walipofika Amina ya mwisho godoro lilikuwa tambarare, na Athanasi akashukuru moyoni.

Felisita hakushukuru. Alikuwa ameshika kifua.

Siku iliyofuata alishinda vizuri. Jua lilipozama akaanza kuhema. Alisema ni kama amepakatishwa mtoto mkubwa, halafu kama amepakatishwa mtu mzima. Kigoda alichokalia kilipasuka chini yake, na kile kigoda alikuwa nacho tangu aolewe. Maige aliyekuwa anapita akacheka: "Shemeji, sasa ni wewe unayenimalizia ugali!" Felisita alijaribu kumjibu. Pumzi haikutosha maneno.

Harufu ya samli haikutoka mlangoni. Athanasi alisugua miimo kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa majivu. Akasema atang'oa fremu nzima aweke nyingine.

"Ukiing'oa mbao usizitupe, kaka," Maige alimwambia. "Nipe mimi. Nataka kumjengea Nancy banda la kuku. Mbao zilizokunywa oili haziliwi na mchwa maisha."

"Utapata," Athanasi alijibu, bila kuwaza.

Jumatano uzito haukungoja jua lizame, na Athanasi alimpeleka mkewe hospitali. Muuguzi alimwambia avue viatu apande mzani. Mshale ulipita pale ulipotakiwa kusimama, ukaendelea, ukatetemeka, ukafika karibu mara mbili. Muuguzi akaupiga mzani kofi, akamwambia Felisita ashuke, akapanda yeye. Mshale ukasimama palipostahili. Alipompandisha Felisita tena, mshale ulirudi kulekule. Muuguzi alimtazama mama yule mwenye mwili wa kawaida, akamtazama Athanasi, akaandika kitu ambacho hakikuwa kile mshale ulichosema.

Daktari alisikiliza mapafu. Mazima. Moyo mzima. "Ila una michubuko hapa, mama," alisema kwa upole, na akamtazama Athanasi kwa jicho ambalo halikuwa la upole. Kwenye mbavu za Felisita kulikuwa na alama mbili za bluu, moja kila upande. Kama magoti ya mtu aliyebana tangi la pikipiki.

Njiani kurudi Felisita aliuliza swali moja tu.

"Ile oili ilikuwa ya nani?"

*

Martha hakuja kuchukua pikipiki. Alipopigiwa simu alisema, "Niletee." Alhamisi asubuhi Athanasi alimwacha Felisita na Nancy, akapanda, akashika barabara ya Lamadi kwenda Nassa.

Katika maisha yake hakuwahi kutengeneza shokapu ikatulia vile. Matuta yalimezwa bila kelele. Akishika breki mbele inainama kidogo tu, kwa adabu, inarudi. Pikipiki ilikuwa nyepesi kama imetoka kiwandani, na kila kilomita wepesi ule ulimwongezea hofu. Kwa sababu kama uzito haupo huku, basi uko mahali.

Martha alimpokea uani. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki, ile ambayo Jumamosi hakutaka hata kuitazama, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani na kubonyeza kwa nguvu zake zote. Mbele ikashuka, ikapanda, ikasimama.

Mwanamke aliweka kiganja mdomoni. Halafu akapiga kigelegele, peke yake, katikati ya uwanja ule mtupu.

"Umeipeleka wapi?" aliuliza alipomaliza.

"Nini?"

"Oili."

"Mke wangu alipaka miimo ya mlango. Tuna mchwa."

"Mlango wa chumba?"

"Wa chumba."

Martha alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

"Ulijua," Athanasi alisema.

"Kila fundi ana nyumba, baba. Na kila nyumba huku kwetu ina mchwa."

Alimwambia mengine akiwa amesimama, bila kumpa hata kiti. Bujiku alikuwa pande la mtu. Alifia barabarani karibu na Kiloleli, akiwa juu ya pikipiki ileile. Wazee wa ukoo walisema waende pale alipoangukia, na kondoo, wamwite kwa jina lake, wamwambie amefika, ashuke. Ni desturi. Mtu aliyekufa ghafla safarini hajui kwamba safari imekwisha.

"Sisi ni watu wa kanisa," Martha alisema. "Tukaona aibu. Tukachukua mwili, tukachukua pikipiki, tukaja nayo nyumbani. Hakuna aliyemwambia ashuke."

"Kwa hiyo…"

"Kwa hiyo akaja. Kwanza alikaa kwenye kiti chake. Kisha kitandani. Kisha kwa mwanangu Josia. Josia alikuwa mdogo, baba. Asubuhi mbavu zake…" Akashika mbavu zake mwenyewe. "Mganga akamfunga kwenye shokapu, kwa samli na uzi. Akasema atatulia humo hadi sili zichoke. Wiki iliyopita nikaona doa sakafuni, chini ya gurudumu. Nikajua anatoka. Nina watoto wengine wawili. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia!"

"Ungefungua?"

Athanasi aliuliza namna ya kumtoa nyumbani kwake.

"Ukitaka kumhamisha, mpe mtu kitu kilicholowa ile oili. Akipokea kwa mikono yake, amempokea. Hizo mbao, mpe mtu. Ila usizichome. Ukizichoma, huyo ni wako moja kwa moja."

"Nimpe nani?"

"Mtu usiyempenda." Aliwaza kidogo. "Mimi sikukuchukia. Sikukujua tu. Inasaidia."

"Na nikimwambia ashuke?"

"Mimi nilimwambia, Josia alipokwisha kufa. Nililia, nilimtukana. Labda hapokei amri kwa anayelia. Labda hanisikii mimi tu." Akachukua funguo mkononi mwa Athanasi, taratibu, bila kugusa kiganja chake. "Mkeo anaitwa nani?"

"Felisita."

"Nitamwombea," alisema Martha, akaingia ndani na kufunga mlango.

*

Alirudi Bariadi kwa gari la kwanza alilopata. Alifika jua linakaribia kuzama. Maige alikuwa kizingitini anatikisa mguu. Ndani, Nancy alikuwa amekaa kwenye mkeka na kichanga chake mgongoni, analia bila sauti.

Felisita alilala chali. Godoro lilikuwa limemzunguka kama udongo unavyozunguka jiwe. Mikono yake ilikuwa imebaki nje, imelala pembeni, haina pa kwenda. Nguo iliyofunika kifua ilikuwa imekandamizwa, bapa, na hakuna kitu kilichoonekana kuikandamiza.

Athanasi alimwomba Nancy atoke kidogo. Akapiga magoti, akamwambia mkewe yote aliyoyasikia, sikioni, kwa kunong'ona. Mkewe alikuwa na haki ya kujua.

Felisita alifumba macho. Alipofumbua alisema neno moja.

"Mpe."

"Nani?"

"Maige. Aliziomba… mwenyewe. Mpe mbao."

"Ana kichanga mle ndani, Mama Lucy."

"Najua. Mimi ndiye… ninayemwogesha." Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni. "Mpe."

Kupitia dirishani Maige alikuwa anaonekana, anampepea mwanawe inzi kwa kofia. Ingetosha kusema, kaka, njoo uchukue mbao zako. Angeshukuru. Athanasi aliyahisi maneno yale ulimini, yako tayari, matamu. Akayameza.

"Siwezi."

"Basi mwambie… ashuke."

"Maiti haambiwi kitu, mke wangu. Maandiko yamekataza. Tumwambie Mungu."

Felisita alimgeuzia macho. Pumzi yake ilikuwa fupi sana sasa, inagota njiani.

"Mungu," alinong'ona, "siye aliyenikalia."

Nje jua lilikuwa linagusa mapaa. Athanasi alisimama. Alikumbuka wana wa Israeli waliopaka damu miimo ya milango yao ili mharibifu apite asiingie, na hasira ikampanda kwamba mlango wake umepakwa kinyume. Alichukua mtaimbo. Aling'oa miimo yote miwili na kizingiti cha juu, misumari ikilia, akavikokota hadi katikati ya ua.

"Kaka! Mbao nzuri hizo!" Maige alimkimbilia na mikono mbele.

"Usiguse!"

Maige aliruka nyuma. Hakuwahi kusikia Athanasi akipaza sauti.

Athanasi alilikumbuka onyo la Martha, akaliita ushirikina, akamwaga petroli na kuwasha. Alisimama mbele ya moto na rozari, akasali kwa sauti, sala ya Malaika Mikaeli, Baba Yetu, sala zote alizofundishwa akiwa mdogo. Aliamini. Lisiwepo shaka juu ya hilo. Aliamini kwamba Mungu anamwona mtu aliyekataa kumtwika jirani yake mauti, na kwamba Mungu hawezi kumwona mtu huyo halafu asifanye kitu.

Moshi ulikuwa mweusi. Harufu ya samli ilienea mtaani, tamu, ya kutapisha. Mbao zikaanza kulia.

Halafu ndani ya nyumba kitanda kikavunjika.

Kikavunjika mara moja, chaga zote pamoja, kama tawi.

Na baada yake, sauti nyingine ndogo… kavu… kama mtu anayevunja vijiti vya kuwashia moto, kimoja kimoja, bila haraka.

Nancy alikimbilia mlangoni, akaangalia, akarudi kinyumenyume ameziba macho ya mtoto.

Athanasi alipoingia palikuwa kimya. Felisita alikuwa sakafuni, ndani ya kitanda kilichovunjika, uso umeelekea dirishani, kule ulikokuwa moto. Macho yake yalikuwa wazi. Athanasi aliyatafuta kwa muda mrefu, akitaka kuona ndani yake huzuni, au hofu, au hata maumivu.

Yalikuwa macho ya mtu aliyemwomba mumewe mambo mawili, akanyimwa yote.

*

Walimzika Jumamosi. Lucy, binti yao, alifika kutoka Magu alikoolewa, akamkumbatia baba yake na kuuliza imekuwaje, naye akamwambia moyo. Katekista Ansbert aliongoza ibada.

Wanaume sita waliinama kuinua jeneza. Halikuinuka. Wakatazamana, wakaongeza wawili. Likainuka, nao wakaenda wamepinda, miguu inachimba mchanga. Maige alikuwa mbele. Mishipa ilimtoka shingoni.

"Kaka," alinong'ona alipompita Athanasi, "mmemwekea nini humu?"

Athanasi aliitazama miguu ya Maige. Tangu Alhamisi nyumba yake ilikuwa nyepesi. Viti vilikaa kama viti. Alikuwa amelala kwenye mkeka akisikiliza, na hapakulia ubao hata mmoja. Alikuwa amejua maana yake, na alikuwa amekataa kuijua, hadi alipoona miguu ile ya Maige.

Kaburini waliteremsha kwa kamba. Upande wa kichwa ukazama kwanza, wa miguu ukabaki juu. Kamba zikawakata viganja, mmoja akapiga kelele. Jeneza likakwama limeinama, nusu ndani, nusu nje, na kutoka ndani yake ubao ukalia.

Kiii…

Kwaya ikanyamaza. Ansbert alifunga kitabu chake.

Athanasi alipiga magoti kwenye ukingo wa kaburi. Hakulia. Hakutukana. Aliinama hadi uso wake ukakaribia mbao, akasema kama mtu anavyomwambia abiria aliyesinzia:

"Bujiku. Umefika, baba. Shuka."

Kamba zikalegea.

Zililegea ghafla hivi kwamba wanaume wawili walianguka chali. Jeneza likanyooka lenyewe, likashuka taratibu hadi chini, likatua bila kishindo.

"Limekuwa jepesi," Maige alisema. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Kaka, umesema nini? Limekuwa jepesi kabisa!"

Watu walidhani Athanasi amepigwa na uchungu alipoanguka kifudifudi, na walimvuta wakamkalisha. Lakini ulikuwa uchungu wa namna nyingine. Maneno manne. Felisita aliyaomba Alhamisi, angali anapumua, na yeye akamnyima kwa ajili ya Mungu. Sasa Mungu alikuwa amenyamaza, na majirani walikuwa wanatupa udongo.

Kilibaki kilima cha mchanga upande wa pili wa shimo, ambao hakuna aliyeufikia kwa koleo bado. Athanasi alikuwa anautazama. Katikati ya mchanga ule, polepole, pakabonyea. Pakawa bonde, pana, la mtu mzito anayekaa chini kwa sababu amechoka na hajui aende wapi. Nancy alikuwa amesimama karibu nalo, anamtuliza mwanawe.

"Nancy," Athanasi alisema, bila kupaza sauti. "Njoo upande huu, mwanangu. Njoo."

Nancy akaja. Athanasi akavua kofia yake, na Ansbert alipomwashiria kwamba ni mwenye msiba atakayefunga sala, alisimama akaisema taratibu, neno kwa neno, macho yake yakiwa kwenye mchanga.

"Raha ya milele umpe Felisita, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Msamehe alichokiomba akiwa na maumivu. Mimi usinisamehe upesi. Na Josia, mtoto wa Nassa, mpokee. Na huyu Bujiku, ee Bwana, ambaye ameshuka na hana mlango, mwonyeshe njia kabla jua halijazama. Mpe mahali pa kukaa. Tafadhali, Bwana. Mpe mahali pa kukaa. Amina."